"Papa ni papa tu kaka": nimeuziwa mdoli feki wa IKEA kwa laki na themanini

Wakuu habari za jioni. Nina hasira, mkiona narukaruka mnivumilie. Na wale wenye akili zenu za huko mbali, tulieni, papa ninayemzungumzia ni samaki.

Binti yangu ana miaka sita. Mwezi Desemba aliongea na binamu zake walioko Muscat kwa simu ya video, akawakuta wamejilaza juu ya mdoli wa papa mkubwa, mgongo wa buluu, tumbo jeupe, mdomo wazi kama anacheka. Kuanzia hapo nyumba haikukalika. Papa asubuhi, papa usiku. Mpaka daftari la hesabu lilichorwa papa.

Kwa wasiomjua, huyo mdoli anaitwa BLÅHAJ. Anauzwa na IKEA, wale Waswidi wa fanicha, ambao kila kitu chao dukani wanakipa jina la kwao hata kiwe kabati au kijiko. Linatamkwa kama "blohai", maana yake papa wa buluu basi. Dunia nzima inamgombania, watu wazima wanampiga picha wamemkalisha kwenye siti ya gari kafunga mkanda. Mkubwa ana urefu wa sentimita 100. Yupo na mdogo wake wa sentimita 55. Hizo namba zishikeni.

Sasa IKEA hawana duka hata moja Afrika Mashariki. Ukimtaka, labda una ndugu Uarabuni au Ulaya akubebee, au uwatafute hawa dada zetu wa Instagram wanaojiita mawakala wa Dubai. Shemeji yangu wa Muscat alisema atakuja Aprili. Mwambie mtoto wa miaka sita asubiri Aprili uone.

Nikampata mmoja, simtaji jina. Ukurasa umepambika, picha za papa kali kweli, "OG 100%, mzigo wa Dubai, bei njoo inbox". Nikaenda inbox. Laki moja na themanini. Nikamuuliza mara mbili, dada huyu ni yule mkubwa wa mita moja, wa IKEA mwenyewe? Akajibu, "Kaka angu mimi siuzi feki, uliza wateja wangu." Nikalipa kwa simu, hela yote, kabla sijaona mzigo. Hapo najua nilifanya ujinga, msihangaike kuniambia.

Bodaboda akaja Jumamosi na mfuko mmoja mweusi. Mtoto akaufungua, akamwangalia, akaniangalia mimi: "Baba, huyu ni mtoto wake?"

Nikachukua futi ya fundi cherehani jirani yetu. Sentimita 63, pua mpaka mkia! Yaani si mkubwa wala si mdogo, ni saizi ambayo Waswidi wenyewe hawaijui. Jicho moja liko juu, jingine limeshuka kama ana usingizi. Lebo imeandikwa BLAHAJ, ile duara ndogo juu ya A haipo, na nyuma hakuna anwani ya kampuni wala nchi alikotengenezwa, kuna alama ya kufulia tu.

Nikampigia. Wakuu, jibu nililopewa sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. Eti papa alibanwa kwenye mzigo ili asile nafasi kwenye kontena, nimuanike juani siku mbili atavimba afike mita.

Na mimi nikamuanika. Ndiyo. Mtu mzima na ndevu zangu nimembana papa kwa vibanio viwili vya nguo kwenye kamba, nyumba ya kupanga, wapangaji wanne wanapita wanauliza leo mnakula nguru. Siku ya pili jioni nikapima tena. 63. Kilichobadilika ni mgongo, ulipauka upande wa jua.

Mama watoto akaona bora amfue, maana alinuka mafuta ya taa. Yule halisi unamtia kwenye mashine ya kufulia, nyuzi joto 40, anatoka salama, IKEA wenyewe wameandika. Huyu wetu aliingia kwenye beseni la maji baridi, maji yakawa kama wino, na shuka jeupe lililokuwa humo likaondoka naye. Mshono wa tumbo ukaachia. Ndani nilitegemea pamba. Ni vipande vya sponji na masalia ya vitambaa, vingine vina maua.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Binti yangu ana mdogo wake wa miezi 14. Tulimkuta kakaa pembeni anatafuna, mama yake akaingiza kidole akatoa sponji kubwa kama punje ya mahindi. Ingeteleza kooni tungekuwa tunaongea mengine leo.

Nikamtumia yule dada picha zote. Akajibu meseji moja: "Papa ni papa tu kaka, mtoto hajui tofauti." Halafu akanibloku.

Mtoto ndiye aliyejua kabla ya mimi! Na sikilizeni, mimi kopi sizichukii. Viatu nilivyovaa hapa ni kopi, nimenunua Kariakoo, muuzaji aliniambia machoni ni kopi na nikalipa bei ya kopi. Angesema huyu ni wa kuiga, elfu thelathini na tano, ningechukua na ningemshonea vizuri kabla ya kumpa mtoto. Yeye kachukua picha za mdoli wa watu, kachukua jina la kampuni ya watu iliyopo tangu 1943, kachukua na bei ya nauli kutoka Dubai ambako huyu papa hajawahi kufika.

Najua FCC, ile Tume ya Ushindani, ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Swali langu kwa aliyewahi kwenda: wanapokea kesi ya mtu mmoja aliyenunua mtandaoni? Risiti sikupewa. Ninazo meseji zake zote, muamala wa simu wenye jina lililosajiliwa, na papa mwenyewe yupo kwenye kiroba juu ya kabati, na matumbo yake pembeni.