Tanga la upepo Entebbe, nani amejaribu Ziwa Viktoria?

mwana_wa_kitoro:
Wakubwa habari zenu. Nilikaa Zanzibar miaka miwili kikazi, kule Paje nikajifunza windsafu, ule ubao wenye tanga, sio ile ya parashuti. Sasa nimerudi Entebbe, nimepata ubao wa zamani na tanga la mita za mraba tano kwa mzungu mmoja alikuwa anahama. Jumamosi nimeingia saa mbili asubuhi, upepo mtamu, nageuka hivi naona ufuko uko mbali kama Kampala, narudi sirudi, mpaka wavuvi wa mukene, wale dagaa wa ziwani, wakanivuta na kamba huku wananicheka, elfu ishirini ya mafuta ikanitoka. Kosa ni langu au ziwa letu ndo halieleweki?

mtoto_wa_mwalo:
Pole ssebo 😂 kosa ni saa. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, kwahiyo mpaka asubuhi upepo unatoka huku kwenda ziwani, ndo uliokubeba. Mzee wangu alikuwa anatweka tanga alfajiri anaenda nao, mchana ukigeuka anarudi nao, injini hana. Wewe subiri saa saba saa nane jua likishachoma, unavuma toka kusini ziwani, hata ukishindwa unatupwa matopeni basi. Asubuhi tena ndo radi, ukiona wingu jeusi upande wa visiwa vya Ssese ubao usiushushe hata kwenye gari maana huko majini kirefu kuliko vyote ni mlingoti wako.

kusi_na_kaskazi:
Na hilo tanga dogo. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya bahari, hewa nyepesi karibu asilimia 10 kuliko Paje, upepo wa kasi ya noti 12 wa hapa hausukumi kama wa kule, halafu maji yasiyo na chumvi yanabeba kidogo. Tafuta mita sita na nusu. Pezi la chini ya ubao nalo weka fupi lililolala nyuma, hilo refu gugumaji likijizungusha utadhani umetia nanga.

nesi_wa_zamu:
Hakuna aliyetaja kichocho? Yule mdudu anatoka kwa konokono wa kwenye matete, anapenya ngozi ukiwa umesimama tu majini, sio mpaka unywe. Ingilia kwenye mchanga ulio wazi. Dawa yake prazikwanteli umeze wiki 6 mpaka 8 baada ya kuingia, ukikimbilia kesho wale wachanga haiwaui.

mwana_wa_kitoro:
Eh nyabo, mimi nilisimama kwenye matete karibu saa nzima nafunga kamba!! Naandika tarehe ukutani sasa hivi. Na viboko je?

mtoto_wa_mwalo:
Viboko ni jioni wakitoka kula majani, saa kumi na moja uwe ushatoka. Jumapili saa saba njoo mwalo wa Kasenyi na laifujaketi, ntakufuata na mtumbwi wa injini. Elfu ishirini ileile lakini.