Injini ipi ya chesi inaona kombinesheni ngumu mapema: Stockfish, Lc0 au Crystal?

Sangara64 (Nyegezi)
Wakuu, habari za jioni. Kila Jumamosi tukikaa Kirumba kucheza chesi ubishi ni ule ule: injini ipi (programu ya kompyuta inayopima hatua za chesi) inaona kombinesheni ngumu kabla ya nyingine? Sisemi mati ya hatua tatu, hiyo hata simu ya bei chee inaimaliza hujapepesa jicho. Nasema zile pozisheni ambazo hatua sahihi inaonekana ya kichaa. Laptopu yangu ni i5 ya mtumba, RAM 8GB, haina kadi ya grafiki. Nimeweka injini za Stockfish, Lc0 (Leela Chess Zero) na Crystal. Nataka nibaki na moja.

KamangaFeri
Stockfish, mkuu, funga mjadala. Mashindano ya injini inachukua karibu kila msimu. Lc0 bila kadi ya grafiki ni kuunguza umeme bure. Na huo umeme wenyewe huku Igoma unakatika ukishafika kina cha 45 (yaani idadi ya hatua ambazo injini inatazama mbele).

DadaSataranji (Ilemela)
KamangaFeri, kushinda mechi ni kitu kimoja, kufumbua fumbo ni kingine. Stockfish ina nguvu kwa sababu inakata matawi (mifuatano ya hatua zinazowezekana) bila huruma. Hatua inayoonekana mbaya inapimwa kwa kina kifupi, ikionekana haifai inaachwa. Kuna na mbinu ya kumpa mpinzani zamu ya bure: kama hata hivyo bado uko vizuri, tawi hilo halichimbwi tena. Mbinu hiyo ndiyo inayoifelisha kwenye pozisheni ambazo kila hatua unayocheza inakuumiza mwenyewe. Ni kama wavuvi wa dagaa usiku: wavu unatupwa penye taa, samaki aliye gizani anabaki na maisha yake.

Jaribio langu la kwanza siku zote ni Topalov dhidi ya Shirov, Linares 1998. Nakilini hii (ni FEN, maandishi ya pozisheni unayobandika kwenye programu):

8/8/4kpp1/3p1b2/p6P/2B5/6P1/6K1 b - - 0 47

Weusi wana askari wawili zaidi, lakini maaskofu ni wa rangi tofauti, kwa hiyo inanukia sare. Shirov akacheza 47...Bh3!! (B ni askofu, K ni mfalme, x ni kula.) Anatoa askofu mzima bure. Sababu ni kwamba mfalme wake anataka kufika e4, na njia ya f5 imezibwa na askofu wake mwenyewe. Askofu lazima aondoke, na aondoke kwa kutisha g2 ili mweupe asipate muda. Akiliwa, Kf5 kisha Ke4, mfalme mweupe kachelewa. Asipoliwa, 48.Kf2 Kf5 49.Kf3 Bxg2+! na hadithi ni ile ile.

KamangaFeri
Dada, Stockfish yangu inasema weusi wako juu sana hata bila Bh3.

DadaSataranji
Hapo ndipo watu wengi wanapopigwa. Namba kubwa siyo ushindi. Iache icheze hiyo hatua yake mpaka mwisho uone kama inasonga popote. Na hata ikitaja Bh3, angalia tathmini: inapanda, au imeitaja kwa kubahatisha tu sekunde mbili kisha ikahama?

MtoMirongo
Naongezea la vifaa. Ukitumia nyuzi nyingi za prosesa (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), pozisheni ile ile inaweza kukupa muda tofauti kila ukirudia. Mara moja haitoshi kumtangaza mshindi. Safisha hashi (kumbukumbu ya injini ya pozisheni ilizokwisha pima) kabla ya kila jaribio, la sivyo injini inakumbuka jibu la mwanzo na wewe unaisifu bure. Nyuzi na hashi ziwe sawa kwa Stockfish na Crystal. Jedwali za Syzygy (majibu kamili ya miisho ya mchezo yenye vipande vichache) ziweke kwa zote au uziondoe kwa zote. Za vipande vitano hazifiki hata GB moja, za sita ni kama GB 150, kwa hiyo kwa laptopu yako jibu liko wazi.

KamangaFeri
Na Lc0?

MtoMirongo
Lc0 inaongozwa na mtandao wa neva unaosema hatua gani zinafanana na hatua nzuri. Ya kichaa inapewa asilimia ndogo sana, basi haitembelewi. Lile fumbo alilolitoa grandmasta Mwingereza Plaskett huko Brussels mwaka 1987, ambalo inasemekana Tal, bingwa wa zamani wa dunia, ndiye alilifumbua, watafiti walilijaribu mwaka 2022: Stockfish 14 ililiona kwenye kina cha 40, Lc0 haikuliona. Ndani yake weusi wanapandisha askari kuwa farasi badala ya malkia. Kwa mipango na mbanano wa muda mrefu Lc0 naiheshimu, kwa mafumbo hapana.

Sangara64
Kwa hiyo Crystal?

DadaSataranji
Crystal imetokana na Stockfish, imerekebishwa kwa ajili ya ngome zisizobomoka na pozisheni za aina hii. Mimi naitumia ya pili, Stockfish ikikwama. Kabla ya hapo jaribu MultiPV 4 (injini ionyeshe hatua nne bora badala ya moja) kwenye Stockfish: hatua kadhaa za mwanzo zinalazimika kupimwa vizuri, na mara nyingi ile iliyojificha inajitokeza.

KamangaFeri
MultiPV inagawanya muda, dada. Kina kinashuka.

DadaSataranji
Kinashuka, ndiyo. Kina cha nini kama imekata tawi lenye jibu?

Sangara64
Lc0 nimeshaifuta. Topalov na Shirov iko kwenye Stockfish tangu saa mbili, MultiPV 4, feni inanguruma mpaka mama watoto kauliza kuna nini. Bh3 iko nafasi ya tatu.