Kiuno na shingo vinaniuma kwenye cherehani: nikae vipi?

Fundi wa Moro aliuliza:
Ndugu zangu, salaam. Nimeshona kwa cherehani ya miguu miaka 14, na tangu mwaka jana, ifikapo saa tisa alasiri, maumivu hunianza kisogoni, hushuka bega la kulia na kuishia kiunoni. Hospitalini walinipima, wakasema pingili za mgongo ni salama, ila nikae wima. Nimejaribu kutoa kifua mbele na kuvuta mabega nyuma, lakini baada ya dakika kumi mgongo wote hukakamaa, na nikianza kupindisha ukosi wa shati najikuta nimeinama tena. Nakosea wapi?

Mtaalamu wa mazoezi-tiba, Mombasa:
Pole sana, fundi. Wengi tulifundishwa kwamba kukaa wima ni kujikaza kama askari gwarideni, ilhali misuli iliyokazwa mfululizo huchoka na kuuma vilevile. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, nacho kimekaa juu ya pingili ya kwanza ya shingo, usawa wa masikio. Kinapotangulia mbele ya mabega, misuli ya kisogo hukishikilia kutwa. Kwa hiyo usianzie kifuani. Sikia kwanza mifupa miwili ya makalio inavyogusa kiti, sogea karibu na mashine, kisha ukitaka kutazama sindano, inamisha kichwa kutokea hapo masikioni. Mwili ukihitaji kwenda mbele, uinamie kwenye nyonga badala ya kuupinda mgongo. Kiti kikiwa kifupi kuliko inavyofaa, mabega yatapanda hata ujitahidi vipi, basi kiinue kwa khanga iliyokunjwa, mradi miguu ibaki imetulia kwenye pedali. Na usikae zaidi ya nusu saa bila kusimama, hata kama ni kwenda kupiga pasi tu.

Mwalimu mstaafu, Kisumu:
Naongeza jambo moja. Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, alikuwa mghani wa jukwaani aliyekuwa akipotewa na sauti. Alipojitazama kwenye vioo aligundua kwamba kila alipotaka kutamka alirudisha kichwa nyuma na kukikandamiza shingoni, bila kuhisi. Mazoea huhisiwa kuwa ndiyo sawa, na hapo ndipo ugumu ulipo. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha watu 579 wenye maumivu sugu ya mgongo, waliopewa masomo 24 ya mbinu aliyoibuni Alexander ya kurekebisha mazoea kama hayo walibaki, baada ya mwaka, na siku 3 za maumivu kwa wiki nne, ilhali waliopata matibabu ya kawaida walikuwa na siku 21. Mtazame pia mama anayetua ndoo ya maji: magoti hukunjika, shingo haitikisiki chini ya ngata, wala hajakakamaa.

Muuguzi, Dodoma:
Nakubaliana nanyi, ila miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukigoma au kutoka bila hiari, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hayo si ya kurekebishwa kwa mkao.

Fundi wa Moro:
Ahsanteni sana. Leo nimeweka kando ya mashine kile kioo wanachojitazamia wateja. Nimeona kwamba kila ninapotunga uzi kwenye sindano naizuia pumzi, na bega la kulia linapanda hadi karibu na sikio, wala halishuki hadi nimalize kushona mkono mzima wa shati.