Soketi (kile kikombe cha mguu wa bandia) inanichubua nikifika kilomita ya nne. Niache mbio au kuna njia?

Konda_Umoja

Hamjambo wenzangu. Nina miaka 36, naishi Umoja. Nilikuwa kondakta miaka 11, mpaka asubuhi moja Jogoo Road, nikiwa nimening'inia mlangoni, lori likanibana. Mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Kilichobaki ni kigutu cha shibiri moja. Sasa ni miezi 14. Saba ya kwanza sikutoka nyumbani, ni kitanda na magongo tu, simu nimezima. Mguu wa bandia nilipata mwezi uliofuata.

Kilichonitoa ndani ni mbio. Jirani yangu hukimbia saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda kibaruani, akaniambia nimfuate nikitembea hadi Mutindwa. Baadaye nikaanza kukimbia kutoka mlingoti mmoja wa stima hadi mwingine. Siku ya kwanza nilihema mpaka nikalia, na si kwa uchungu. Nilikuwa nimesahau raha ya kuchoka kwa kazi niliyojichagulia.

Shida ni hii. Nikifika kilomita ya nne kigutu kinawaka moto, mfupa wa mbele unachubuka na ncha pia. Jumamosi soksi ilitoka na damu. Pale nilipotengenezewa mguu waliniambia nivumilie, ngozi itakomaa. Mama anasema hicho kilichobaki nikitunze, niachane na mbio. Na mimi nataka kilomita 10 za Nairobi Marathon, Oktoba.

Jambo lingine: usiku vidole vya ule mguu usiokuwepo vinajikunja na kuuma kweli kweli. Kuna anayejua dawa?

Mwalimu_Kangemi

Pole sana kaka, na hongera kwa hizo nne. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti mwaka 2015. Nimemaliza kilomita 21 mara tatu, zote kwa mguu wa kawaida wa kutembelea, si ule wa kaboni uliopinda.

Kwanza pumzika mbio mpaka ngozi ifunge kabisa, halafu ongeza wiki. Kidonda cha kigutu kikitunga usaha utakaa bila mguu mwezi mzima, na hapo umerudi kwenye magongo.

Shida yako nadhani naijua, maana ilikuwa yangu. Kigutu hunywea. Unavaa soketi alfajiri imekushika vizuri, unakimbia, nyama inakamuliwa maji, na kwenye kilomita ya tatu au ya nne soketi imeanza kupwaya. Kigutu kinazama, ncha inagonga chini, na kila hatua unapanda na kushuka kama mchi kinuni. Damu inatoka hapo. Uvumilivu hauhusiki kabisa.

Dawa ni soksi za kigutu. Mimi hubeba mbili nyembamba na moja nene kwenye kibegi cha kiunoni, pamoja na kitaulo. Nikiwa msitu wa Karura, nikiingilia upande wa Limuru Road, nakijua kabisa kigogo nitakachokalia. Navua mguu. Nafuta jasho kwenye kigutu na ndani ya laina, ile ala laini inayokaa kati ya ngozi na soketi, mpaka pakauke. Naongeza soksi moja nyembamba, naivuta isibaki na kikunjo hata kimoja, maana kikunjo kidogo tu baada ya kilomita mbili ni kidonda. Navaa, nakanyaga mara mbili kusikia kama goti limekaa pake. Dakika nne hivi. Zamani nilikuwa nangoja watu wapite kwanza ndipo nivue, na watu Karura hawaishi. Nikaumia bure kwa sababu ya aibu.

Kimbilia udongo kuliko lami, ila mvua za Aprili zikianza jihadhari na ule utelezi mwekundu. Mguu wa bandia haukuambii umekanyaga nini.

Watu watakutajia Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekimbia siku 143 mwaka 1980, kilomita 5,373, mguu wake ukiwa umekatwa juu ya goti. Namheshimu mno. Lakini alikuwa akichangisha pesa za utafiti wa saratani, ugonjwa uliomwondolea mguu na ambao ndio uliomsimamisha njiani. Alikimbia na vidonda. Wewe unakihitaji hicho kigutu miaka mingine 40, uigize moyo wake, vidonda uviache.

Kuhusu vidole: tafuta kioo kirefu. Kaa, kisimamishe katikati ya miguu ili mguu mzima uonekane mahali pa ule uliokatwa. Kunjua vidole polepole huku ukitazama kioo tu. Dakika kumi na tano kila jioni. Si kila mtu anasaidika, mimi nilisaidika wiki ya pili.

Fundi_wa_Soketi

Natengeneza miguu ya bandia, mwaka wa 17 huu. Mwalimu amesema kweli, ila soksi zina mwisho. Kigutu huendelea kunywea mwaka wa kwanza hadi mwaka na nusu, kwa hiyo soketi yako ilipimwa kwa kigutu ambacho huna tena. Ukijikuta asubuhi, kabla hata ya kutoka, unahitaji soksi nene mbili au tatu ili ikushike, rudi upimwe upya. Usikubali kuambiwa ngozi itakomaa.

Uzito ukae kwenye ule ukano chini ya kofia ya goti na kwenye mbavu za kigutu, kamwe usikae kwenye ncha. Kila ukivua, kagua. Vitabu vinasema tazama wekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo pitisha mgongo wa kiganja. Joto linalopoa ndani ya dakika kumi ni sawa. Likizidi ishirini, au likiwa kwenye ncha au mfupa wa mbele, usirudishe mguu siku hiyo.

Na viatu? Ulipimwa ukiwa umevaa vipi, na unakimbia na vipi?

Konda_Umoja

Nilipimwa na raba bapa. Za kukimbia nilinunua Gikomba, kisigino kimepanda zaidi kwa upana wa kidole.

Fundi_wa_Soketi

Basi hapo pana jambo. Mguu ulipangwa kwa kimo cha kile kisigino cha kwanza. Ukiinua kisigino, goti linasukumwa mbele na mfupa wa mbele unasuguana na ukuta wa soketi. Tafuta raba za kimo kilekile, au nenda na hizo za Gikomba wakupangie upya.

Mkono_Kariobangi

Mimi sina mkono wa kulia, uliishia mashineni, chini kidogo ya kiwiko. Watu hudhani mkono hauhusiani na mbio. Mwaka wa kwanza mwili ulikuwa unajizungusha, nikimaliza kilomita nane kiuno kimekaza kama mti. Aliyenifundisha bila kunijua ni Abraham Tarbei, Mkenya aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 London 2012, kundi la T46, la wenye upungufu wa mkono. Nilirudia kutazama mbio zake nikiangalia mabega tu.

Konda, ukipona njoo Karura Jumamosi. Kibegi chako cha soksi nitakibeba mimi.

Konda_Umoja

Narudi baada ya wiki sita. Soketi imepimwa upya, nikapata raba bapa. Kioo nilikopeshwa na kinyozi wa chini ya nyumba yetu, vidole vinauma siku mbili kwa wiki badala ya kila usiku.

Leo nimefika kilomita sita Karura. Nilisimama mara mbili kwenye kigogo, Mkono akiwa amenishikia taulo. Niliporudi nyumbani Mama hakusema kitu. Alichukua zile soksi, akazigeuza ndani nje, akazipeleka dirishani kwenye mwanga akazitafuta damu moja moja. Halafu akazitia majini, akazifua, akazianika.