Kimashine cha TENS: mama kakigomea, nimekosea wapi?

Fundi_Barabara_ya_9
Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 71, tunakaa Ngamiani, Tanga. Mwezi wa nne alitokewa na mkanda wa jeshi ubavu wa kushoto. Vidonda vimekauka, maumivu yamebaki. Mara moto, mara kama kuchomwa na sindano ya cherehani, na hiyo anaijua vizuri. Kanga ikimgusa tu anaruka. Usiku hata feni haitaki, ule upepo wenyewe unamuuma. Daktari kampa amitriptilini, angalau anapata usingizi.

Kaka kaleta TENS, kile kimashine cha kutuliza maumivu kwa umeme mdogo kupitia ngozi, kutoka Dubai: ya betri, nyaya mbili, pedi nne. Jana nikambandika palepale panapouma, nikawasha. Ukelele alioupiga, majirani walijaa uani. Nimekosea wapi?

Mla_Pweza
Pole dada. Ila hiyo tiba ni ya kale. Scribonius Largus, daktari wa Roma karne ya kwanza, wenye jongo aliwasimamisha ufukweni juu ya samaki taa, yule anayepiga shoti, mpaka mguu ufe ganzi. Kimashine kina afadhali, kina kitufe cha kukizima.

Fizio_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hapo panapouma hata kanga haigusi, wewe ukabandika gundi! Pedi ziweke kwenye ngozi nzima inayohisi kawaida: mgongoni, kando ya uti wa mgongo, upande uleule wa kushoto, usawa wa huo ubavu. Usiweke moja kifuani na nyingine mgongoni, umeme usipite moyoni.

Weka hezi (mapigo kwa sekunde) 80 mpaka 100, nguvu ya umeme ianze sifuri, uipandishe pole pole. Atakachosikia kiwe mtekenyo wenye nguvu, kisiwe maumivu, na msuli usirukeruke. Nusu saa yatosha kuanzia. Ukijigonga kiwiko si unapasugua? Ndiyo kazi yake. Watafiti Melzack na Wall walilieleza hilo mwaka 1965: mguso hufunga mlango wa maumivu kwenye uti wa mgongo.

Kama ana betri ya moyo, asiguse kabisa. Kifafa, aulize daktari kwanza. Asilale nayo. Na dawa asiache.

Sayatika_Sugu
Mimi nilitumia miezi miwili kwa sayatika, yale maumivu ya mshipa wa fahamu yanayoshuka mguuni. Ikiwaka, raha. Ikizimwa, tumerudi palepale. Nikampa shemeji.

Fizio_Mstaafu
Ndugu yangu, sikubishii. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, wale wanaopima ushahidi wa tiba, kuhusu TENS na maumivu ya mishipa ya fahamu yalikuta ushahidi dhaifu mno, hawakuweza kusema inasaidia au la. Anayepata nafuu atumie, asiyepata asijilazimishe.

Fundi_Barabara_ya_9
Nimerudi. Siku ya tatu leo. Nilimpa mwenyewe ashike kimashine, abonyeze kwa mkono wake, hapo ndipo alipokubali. Kikiwaka anasema moto unashuka, na baada ya kuzima anapata kama saa moja hivi ya kuchambua mchele bila kuguna. Usiku bado. Ila pedi zinabanduka! Mama anajipaka mafuta ya nazi kutwa mara tatu.

Fizio_Mstaafu
Ndiyo yanayozibandua hayo. Muoshe mgongo kwa sabuni, ukauke, ndiyo ubandike. Gundi ikikauka, tone la maji safi kwa ncha ya kidole, kisha zirudishe kwenye nailoni yake. Mafuta apake jioni, mashine ikishawekwa kabatini.

Fundi_Barabara_ya_9
Kumwambia hilo la mafuta, baba, njoo umwambie wewe.