Ushauri: Tumebandikiwa notisi ya kubomoa orofa mbili za juu Zimmerman, siku 7 tu. Tuanzie wapi?

Binti_wa_Mzee
Wadau, hamjambo. Tuna jengo la familia huko Zimmerman, Nairobi. Lilipitishwa na iliyokuwa City Council mwaka 2009: sakafu ya chini na orofa mbili juu yake, paa la mabati. Baadaye mabati yaling'olewa, ikaongezwa orofa ya tatu, nayo ina wapangaji. Ya nne ina slabu (sakafu ya zege), na kuta zimefika usawa wa linta, boriti ya juu ya milango na madirisha. Hizo mbili hazina kibali.

Jumatatu maafisa wa kaunti walibandika notisi getini na kupaka alama ya X nyekundu ukutani. Notisi inasema tubomoe sehemu zisizoruhusiwa ndani ya siku 7. Nguzo za chini ni milimita 200 kwa 200, umbali kati ya nguzo na nguzo ni kama mita 3.5 kila upande. Juu kuna matangi mawili ya lita 5,000. Michoro ya zamani tunayo, inaonyesha vyuma 4 vya Y12 (unene wa milimita 12) kwa kila nguzo na misingi ya mita 1.2 kwa 1.2.

Kuna anayesema twende kortini kesho, mwingine anasema tutafute mtu wa kupitisha ramani haraka. Naomba mwongozo wa wanaojua.

WakiliKazini
Dada, usianzie kortini. Notisi kama hiyo hutolewa chini ya kifungu cha 72 cha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kifungu hicho kinakupa siku 14 tangu upokee notisi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango, ile inayoitwa Liaison Committee, nayo inatakiwa isikilize na kuamua ndani ya siku 30 tangu rufaa ipokewe. Baada ya hapo ndipo unapoweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukiruka kamati, upande wa kaunti utainuka tu na kusema hujatumia njia iliyowekwa na sheria, na kesi nyingi zimetupwa kwa sababu hiyo hiyo.

Notisi inasema siku 7, sheria inasema 14 za rufaa. Usihesabu 14 ukastarehe. Wasilisha kabla ya siku ya 7 kwisha, na ndani ya rufaa omba kwa maneno wazi kwamba utekelezaji wa notisi usimamishwe mpaka rufaa isikilizwe. Usipoliomba hilo, usitarajie litatendeka lenyewe. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Soma notisi yenyewe mstari kwa mstari: inataja kosa gani, inataka hatua gani, inaanza kutumika lini, nani ametia saini. Isipotaja hatua mahususi, hiyo ni hoja yako ya kwanza. Piga picha ya notisi ikiwa bado imebandikwa getini, tarehe ionekane. Ambatisha kibali cha 2009, hati ya umiliki na barua ya mhandisi.

Na ujue uzito wa jambo: kujenga bila kibali, kifungu cha 57, ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa hiyo kwenye rufaa usiandike kwamba hamkujenga. Andika mlichonacho kihalali, mlichozidisha, na mnachokubali kuondoa wenyewe.

Boma_Letu
Kwani si kuna ile sheria kwamba kaunti isipojibu maombi kwa siku 60 kibali kinahesabiwa kimetolewa? Wapeleke maombi leo, wasubiri.

Mchoraji254
Boma_Letu, kifungu hicho kipo, ni cha 58, lakini hakimsaidii huyu dada. Ni cha mtu aliyewasilisha maombi kamili kabla ya kujenga, akanyamaziwa. Yeye tayari ana notisi inayotembea, na siku 60 haziisimamishi. Tena maombi yakirudishwa na maoni, hilo ni jibu.

Njia yake ni kuomba jengo lilivyo lihalalishwe, na kabla ya kulipa hata senti kwa michoro aulize mpangaji wa miji aliyesajiliwa swali moja: ukanda wa Zimmerman unaruhusu orofa ngapi na uwiano gani wa eneo la sakafu kwa eneo la ploti? Kama orofa ya tatu inazidi, hakuna msanifu atakayeipitisha kwa uhalali.

Ikiwa inaruhusiwa, maombi huwasilishwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa kaunti, na wanaowasilisha ni wataalamu: msanifu aliyesajiliwa na BORAQS (bodi ya wasanifu majengo) na mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na EBK (bodi ya wahandisi). Bodi zote mbili zina orodha mtandaoni. Tafuta jina, na hakikisha leseni ni ya mwaka huu. Utahitaji michoro ya jengo jinsi lilivyo leo. Ile ya 2009 haitoshi: kila chumba, kila dirisha na kila balkoni vipimwe upya. Halafu hati miliki au lisi (hati ya kukodi ardhi), utafutaji rasmi wa karibuni (kwa Nairobi ni kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni), cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi ya kaunti, na kama ni lisi, cheti cha kutodaiwa na serikali kuu pia. Hapa ndipo wengi hukwama wiki nzima: jina kwenye hati ni la mzee, maombi yanaletwa na mtoto. Kama mzee yupo, asaini yeye. Kama hayupo, lete hati za usimamizi wa mirathi.

Huyo "mtu wa kupitisha ramani haraka" mwache huko huko. Malipo halali yana ankara ya mfumo na risiti, na kibali halali kinaonekana ndani ya mfumo kwa nambari yake. Muhuri unaouzwa kwenye ngazi za ofisi hauna rekodi nyuma yake, na siku ya ukaguzi unakuongezea kosa la pili.

Zege_Daraja25
Nimesubiri mzungumze karatasi, sasa tuzungumze jengo. Dada, hesabu nitakayokupa si badala ya mhandisi kufika, lakini fanya haya leo kabla hajafika.

Kila nguzo ya ndani inabeba eneo la 3.5 kwa 3.5, yaani mita mraba 12.25. Slabu ya milimita 150 pamoja na plasta na vigae ni kama kilo 480 kwa mita mraba. Watu na vyombo huhesabiwa kilo 150. Kuta za mawe ya milimita 200 zenye urefu wa mita 2.6 kwenda juu ni kama kilo 1,200 kwa kila mita, nazo kwenye kila nguzo ni mita 7 hivi. Jumlisha: kila orofa inaleta takriban tani 16 kwenye nguzo moja. Ukiweka nyongeza za usalama ambazo kanuni inataka, ni tani 23.

Nguzo ya 200 kwa 200 yenye Y12 nne, zege la daraja la 20, uwezo wake kwa kanuni hizo hizo ni kama tani 48. Orofa mbili ni tani 46. Mhandisi wa 2009 alipiga hesabu yake sawasawa, na hakuacha akiba. Orofa ya tatu inafikisha 69, ya nne 92.

Msingi nao: mita 1.2 kwa 1.2 ni mita mraba 1.44. Uzito halisi wa orofa mbili, tani 32, unakandamiza udongo kwa tani 22 kwa mita mraba, ambazo muramu mgumu unaweza kuzimudu. Nne zinafikisha 44. Kama mmekaa juu ya mwamba, afadhali. Kama mafundi waliishia kwenye udongo mweusi kwa sababu kuchimba kulikuwa ghali, msingi utazama upande mmoja, na nyufa zitaanza kwenye pembe za madirisha zikipanda mshazari.

Jengo halijaanguka kwa sababu zile nyongeza za usalama ndizo zinazolibeba sasa. Kwa hiyo leo, si kesho:

Mwaga maji ya matangi ya juu. Mawili yakijaa ni tani 10, na kwa kawaida huwekwa pamoja juu ya nguzo mbili tatu. Wekeni tangi chini na pampu ndogo, au wapangaji wachote chini kwa muda.

Ondoa kila kilichorundikwa kwenye slabu ya nne: mawe, mchanga, kokoto. Slabu ya makazi imehesabiwa kilo 150 kwa mita mraba, na rundo la mawe la mita moja kwenda juu ni zaidi ya kilo 1,500. Yashushwe kidogo kidogo mpaka ardhini, yasihamishiwe slabu ya chini yake.

Kagua nguzo za sakafu ya chini, hasa nyuma ya makabati na pale mabomba ya maji machafu yanapopita. Unatafuta mipasuko ya wima kwenye pembe za nguzo, plasta iliyotuna, chuma chenye kutu kinachochungulia. Kutu huvimba kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Kila ufa uandikie tarehe kwa penseli kwenye ncha zake mbili. Ukirefuka kupita alama, au mlango uliokuwa unafunga vizuri ukaanza kukwama, au zege la nguzo likaanza kumeguka, watu watoke saa hiyo hiyo. Jengo la Huruma lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 lilikuwa limeshatangazwa si salama kukaliwa, na watu wasiopungua 49 walikufa ndani yake. X iliyo ukutani kwenu isomeni hivyo.

Binti_wa_Mzee
Mhandisi, asante sana. Maji tumeyamwaga jana jioni, mawe yanashuka leo. Nguzo moja karibu na choo cha chini ina ufa wa wima, plasta imetuna. Je, vipimo gani tumwambie mhandisi avifanye ili ripoti ikubalike? Na orofa ya tatu inaweza kuokolewa?

Zege_Daraja25
Nguzo hiyo iwekewe mihimili ya chuma ya kushikilia boriti pande zote kabla ya mtu kubandua plasta. Mihimili isimame juu ya mbao nene au bamba la chuma, isisimame kwenye vigae, na kama boriti ya juu yake inabeba orofa nyingine, mihimili iendelee juu orofa kwa orofa.

Vipimo: nyundo ya kupimia ugumu wa zege kwenye nguzo zote za chini, plasta ikiwa imebanduliwa. Zege la miaka 15 na zaidi ngozi yake ya nje imeshakuwa ngumu, kwa hiyo nyundo peke yake itawapa matumaini ya uongo. Lazima iambatane na kipimo cha mawimbi ya sauti, na vipande vya zege vilivyokatwa vikavunjwe maabara. Maabara ya vifaa ya serikali iko Machakos Road, Industrial Area. Angalizo kubwa: msikubali mtu akate kipande cha milimita 100 kwenye nguzo ya milimita 200 iliyobeba mzigo. Hiyo ni nusu ya upana wake. Kipande kikatwe kwenye boriti au slabu, mahali pasipo na vyuma, kifaa cha kutafuta vyuma kikiwa kimetangulia.

Chimbeni shimo kando ya msingi mmoja mpaka chini yake, mhandisi apime upana, unene na aina ya udongo. Mkimaliza, fukieni na kushindilia kabla ya kwenda msingi wa pili. Mkifungua misingi minne kwa pamoja wakati huu wa mvua, mtakuwa mnaitoa nguvu wenyewe.

Orofa ya tatu inaweza kuokolewa ikiwa vipimo vitaruhusu na ukanda unairuhusu. Nguzo huvikwa koti la zege, milimita 100 kila upande, 200 inakuwa 400, vyuma vipya vya Y16 na ringi za Y8. Zege la zamani ligongwe likwaruke, lioshwe vumbi. Kosa ninaloliona mara nyingi: koti linaanzia juu ya sakafu. Koti la namna hiyo halipeleki mzigo popote. Lazima lianzie kwenye msingi, na msingi wenyewe upanuliwe na ufungwe kwa vyuma na ule wa zamani. Gharama yake mara nyingi inakaribia ya kuiondoa orofa yenyewe, basi pigeni hesabu zote mbili.

Ya nne, kwa takwimu ulizotoa, iondoeni.

WakiliKazini
Na hilo la kuondoa orofa ya nne liandikwe kwenye rufaa. Kamati inapoona mwenye jengo ameanza kupunguza mzigo, ana mihimili, ana barua ya mhandisi yenye tarehe, ombi lake la muda lina miguu. Lakini kabla ya nyundo ya kwanza, mwandikie afisa aliyesaini notisi, omba idhini na masharti ya kubomoa kwa maandishi, umwambie mkandarasi gani na mhandisi gani anasimamia. Mkandarasi awe amesajiliwa na NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi) kwa kazi za majengo, si kwa barabara.

Mchoraji254
Nyongeza mbili za haraka. Koti la nguzo pia ni kazi ya ujenzi, inahitaji kibali cha kaunti na usajili wa mradi NCA, na ukaguzi utafuata Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 mahali pa zile za 1968. Na pimeni umbali kutoka balkoni za orofa ya tatu hadi nyaya za stima. Orofa ikiongezwa mara nyingi ndiyo inayozifikia nyaya ambazo awali zilikuwa juu ya paa.

Binti_wa_Mzee
Wapangaji wa orofa ya tatu wako 6. Tuwaambie nini?

Zege_Daraja25
Waambieni leo, kwa maandishi, kwamba jengo lina notisi na linapimwa. Wanaokaa juu ya ile nguzo ya choo, chini mpaka juu, watoke upande huo kabla mihimili haijawekwa. Msiwatoze kodi ya mwezi huo, na rudisheni amana kwa atakayetaka kuondoka. Kuna vyumba vitupu kwenye orofa za chini?

Binti_wa_Mzee
Viwili, upande wa barabara.

Zege_Daraja25
Basi anzeni na familia zenye watoto, usiku wa leo.