Naombeni ushauri: nikikaa juani kidogo tu uso na mikono vinawaka moto (Mtwara)

Binti_Shangani: Habari zenu wadau. Ni wiki ya pili sasa, nikikaa juani hata nusu saa uso unachoma kama nimepakwa pilipili, usiku silali, kesho yake ngozi inababuka. Kazi yangu ni kupima magunia ya korosho uwanjani so jua siwezi kulikwepa. Nimebadilisha sabuni, nimebadilisha mafuta, wapi. Nisaidieni jamani.

Babu_Newala: Hayo mafuta ya ganda la korosho mjukuu wangu. Mwaka nilioanza kubangua vidole vilichunika mpaka mke wangu akawa ananilisha ugali.

Binti_Shangani: Babu shikamoo, mimi nashika magunia tu, sibangui.

Muuza_Pweza: Mimi ilikuwa ndimu. Nilikuwa nakamulia wateja pale feri halafu mikono ileile juani, ikatoka malengelenge, yakaacha michirizi myeusi miezi kadhaa. Ukishika ndimu nawa kwanza.

Mama_Mikindani: Mabinti mkorogo utawamaliza. Sema ukweli unapaka nini.

Binti_Shangani: Mama sipaki mkorogo, wallahi.

Nesi_wa_Zamu: Dada, unameza dawa yoyote? Hilo hujalisema.

Binti_Shangani: Doksi tu, yaani doxycycline, ile antibiotiki, nilinunua duka la dawa kwa ajili ya chunusi, leo siku ya 18. Ila sidhani kama ni hizo maana chunusi zimekauka vizuri na harusi yangu tarehe 28, siwezi kuacha saa hizi.

Nesi_wa_Zamu: Hiyo "tu" ndiyo naishuku. Doksi inafanya ngozi iungue na jua ambalo zamani ulikuwa unalivumilia, na mwezi huu wa 10 jua la Mtwara saa sita liko utosini kabisa. Harusi ipo lakini uso ukiungua utapeleka nini ukumbini?

Jicho_Kali: Chai hii. Juzi mjini kulikuwa na wingu kutwa nzima, na wapima korosho wote wanavaa kofia. Jua limepitia wapi?

Nesi_wa_Zamu: Mkuu, mionzi ya jua inayoitwa UVA inapita kwenye wingu, inapita hata kioo cha gari, na mchanga mweupe unairudisha usoni chini ya kofia.

Binti_Shangani: Jicho_Kali ningetunga ili nipate nini? Mkono wote umebabuka, chini ya mkanda wa saa pako safi kabisa.

Nesi_wa_Zamu: Basi ni jua hilo. Viungo vinauma? Nywele zinanyonyoka? Wekundu umekaa mashavuni na juu ya pua? Maana lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, nayo huchokozwa na jua.

Binti_Shangani: Hapana, ni kuchoma tu. Vimebaki vidonge 10, nilikuwa nataka nivimalize halafu ndio niende.

Mama_Mikindani: Usimeze tena mwanangu mpaka daktari akuone. Nenda hospitali ya Ligula kesho mapema, jifunike mtandio na mikono mirefu, na hivyo vidonge nenda navyo wavione.

Binti_Shangani: Sawa mama. Cha leo nilishameza asubuhi lakini.

Jicho_Kali: Hiyo ya mkanda wa saa imeniingia, dada samahani. Mdogo wangu naye yuko kwenye doksi na anashinda baharini, ngoja nimpigie.